Mche wa sabuni na sura tatu: tuanze kuchora mchoro wa ufundi

Haya jamaa, wale mnaoniuliza kila siku kuchora mchoro wa ufundi waanzia wapi, leo twaanza, na kompyuta iwekeni kando kwanza. Nenda duka la mtaani ununue kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia. Sitanii wallahi.

Vyengine: karatasi ya A3, penseli ya 2H ya mistari myepesi na HB ya kukolezea, rula, seti skwea mbili (zile rula za pembetatu), kompasi na raba. Tii-skwea (rula ndefu ya umbo la T) ukiipata sawa, mie nilianza na mlango wa kabati uliong'oka ndo ubao wangu.

1. Kata sabuni iwe urefu 60, kimo 40, upana 40, zote milimita (kwenye mchoro wa ufundi hatuandiki sentimita). Halafu upande wa kulia toa kipande cha juu, urefu 40 kimo 25. Utabaki na umbo la L, kitako unene 15 na ukuta unene 20. Toboa kitako kutoka juu hadi chini tundu la kipenyo 12, kati yake iwe 20 kutoka ncha ya kulia na 20 kutoka mbele.

2. Iweke usawa wa jicho, fumba jicho moja, chora unachokiona mbele: ile L. Tundu halionekani lakini lipo, kwa hivyo lichore kwa mistari miwili ya kukatakata, na katikati yake upitishe mstari mwembamba wa kirefu-kifupi-kirefu, huo ndo mstari wa kati.

3. Sura ya juu usipime urefu upya, upana pekee ndo upime! Shusha mistari ya 2H kutoka sura ya mbele, upate mstatili wa 60 kwa 40, mstari mmoja 20 kutoka kushoto, na duara lako.

4. Sura ya ubavu wa kushoto, hapa ndo wengi huteleza. Ukitazama kutoka kushoto waona ukuta tu, mraba wa 40 kwa 40, ile ngazi, yaani uso wa juu wa kitako, iko nyuma imejificha, sasa mtu huisahau kabisa au huichora mstari mzima. La, ni mstari wa kukatakata, 15 kutoka chini. Huamini, chukua sabuni utazame.

5. Koleza kingo zinazoonekana, ziwe nene mara mbili ya mistari mingine. Vipimo viandike nje ya umbo, kila kipimo mara moja tu, na tundu lipimwe mpaka katikati yake si ukingoni.

Sasa, sura zikae wapi kwenye karatasi? Kuna mitindo miwili ya kuzipanga, fasti engo (pembe ya kwanza) na thadi engo (pembe ya tatu). Kwa fasti engo, ya juu huwekwa CHINI ya sura ya mbele na ya kushoto huwekwa KULIA. Kwa thadi engo, ya juu huwa juu na ya kushoto huwa kushoto. Ulaya wamezoea ya kwanza, Marekani ya tatu. Chora ile alama ya koni iliyokatwa ncha, inayoonyesha umetumia mtindo upi, kila mara, nakwambia kwa uchungu manake nishawahi kupeleka mchoro wa thadi engo bila alama kwa fundi mmoja wa kuchomelea, mabraketi manane ya tangi la maji, tundu zilikuwa karibu na mbele. Yeye kasoma fasti engo, tundu zikatokea nyuma. Ukiligeuza braketi halikubali, ni kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Vyuma nikalipa mie.

MASWALI

Binti Kisauni: Mwalimu, isometriki, ule mchoro mmoja wa kuonyesha pande tatu pamoja, si rahisi zaidi? Mbona tusianze nayo?

Jibu: Yapendeza machoni dadangu, mistari ya 30 digrii kila upande, lakini duara lako hugeuka yai na fundi hawezi kulipima hapo. Mwonyeshe mteja isometriki, fundi mpe sura tatu.

Kijana wa Jomvu: kaka mi nataka kuchora mbuzi ya kukunia nazi ya nyumbani, naweza kwa njia hii?

Jibu: Waweza, ila zile mbao zilizopishana zimelala upande, kwa hivyo ukizitazama kutoka juu zaonekana fupi kuliko zilivyo. Urefu wa kweli waupata ukiitazama mbao uso kwa uso. Ukikata mbao kwa kipimo cha sura ya juu, mamako atakaa chini sakafuni akikuna.

Mgeni: programu gani ya bure?

Jibu: LibreCAD kwa sura bapa, FreeCAD kwa maumbo. Lakini sabuni kwanza.

Binti Kisauni: Nimekata, tundu limepasua ukingo 😂

Jibu: Umetoboa kwa msumari? Zungusha kalamu tupu polepole, na upime tena zile 20 mbili, kutoka ncha ya kulia na kutoka mbele.