Mswada uko tayari: umpe mchapishaji au uchapishe mwenyewe?

Ukiwa Tanga na mswada mkononi, usianze kwa kuulizia bei ya kuchapa. Andika kwanza majina ya watu watakaonunua kitabu mkononi mwako, bila kupita dukani: wanafunzi, waumini, wenzako wa kikundi, wateja. Urefu wa orodha hiyo ndio utakaoamua.

Chukua hesabu ya mfano. Nakala 500 za kurasa 128, kuchapa sh. 4,000 kila moja, ni sh. 2,000,000. Uhariri, jalada na kupanga kurasa, sh. 700,000. Ukiuza kwa sh. 10,000 kupitia maduka yanayokata asilimia 35, unapata sh. 6,500 kwa nakala; zikiisha zote, faida ni sh. 550,000. Mchapishaji anayelipa mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya bei ya dukani angekupa sh. 500,000 kwa nakala hizo hizo, nawe hujatoa hata senti. Kwa tofauti hiyo, kuweka rehani akiba yako ni ujasiri usio na maana. Lakini ukiziuza zote mwenyewe, faida ni sh. 2,300,000. Kama orodha yako ni fupi, basi tafuta mchapishaji.

Mtumie muhtasari wa ukurasa mmoja na sura mbili tatu, baada ya kuhakikisha anachapisha vitabu vya aina yako. Jibu huchukua miezi. Kwenye mkataba, tazama mrabaha unahesabiwa kutoka wapi: asilimia 10 ya fedha inayomfikia mchapishaji ni sh. 650, si 1,000. Dai pia tarehe za taarifa ya mauzo, na sharti la haki kukurudia kitabu kikiadimika. Akikuomba wewe ndiye ulipie uchapaji, hapo unajichapishia chini ya jina lake; mrabaha mdogo hauna sababu tena.

Ukijichapishia, ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Iombe kabla jalada halijakamilika, maana msimbo pau wenye namba hiyo hukaa nyuma ya kitabu. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Ukilenga shule, ulizia ithibati, yaani kibali cha kitabu kutumika shuleni, Taasisi ya Elimu Tanzania kabla ya kuchapa, si baada.

Chagua karatasi kabla ya kumpa msanii kazi ya jalada, kwa kuwa unene wa karatasi ndio unaopanga upana wa mgongo. Kwa mitambo mikubwa, idadi ya kurasa igawanyike kwa 16, la sivyo utalipia kurasa tupu. Omba nakala moja kamili ya kukagua, uifungue katikati kwa nguvu: gundi mbovu hupasuka hapo hapo. Ukichapia Dar es Salaam, nauli ya maboksi iingie kwenye hesabu. Yakifika, yaweke juu ya chaga, mbali na ukuta; unyevu wa pwani hupinda majalada na kuleta ukungu.

Maduka mengi yatapokea kwa mali kauli. Acha nakala 10, si 50, na karatasi iliyosainiwa yenye idadi, bei na tarehe ya kuhesabu. Pasipo karatasi hiyo, akibadilika muuzaji, deni lako linaondoka naye.