Somo: Kukata rekodi ndefu ya ngoma kuwa nyimbo mojamoja

Rekodi za ngoma za huku Mtwara na Lindi zina tabia inayozishinda programu nyingi: hazina ukimya. Rekodi ya kwaya unaweza kuiachia kompyuta itafute mahali sauti inapokatika, ikukatie yenyewe. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, haikatiki. Kiongozi hubadili wimbo ngoma zikiwa zingali zinalia, vigelegele vinafunika mwanzo, na mashine inakurudishia ama faili moja la saa nzima ama vipande vya sekunde tatu tatu. Hapa tunakata kwa sikio, kwa kutumia Audacity, programu ya bure, toleo la 3.4 au jipya zaidi.

Kwanza angalia nafasi. Dakika moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo, 44.1 kHz na biti 16, hula karibu MB 10. Lakini Audacity yenyewe kwa kawaida hufanya kazi kwa biti 32, hivyo rekodi ya dakika 90 huchukua karibu GB 2 kabla hujagusa kitu, na kila badiliko la rekodi nzima huongeza kiasi kama hicho. Acha GB 6 wazi. Usifanyie kazi ndani ya flashi. Nakili faili kwenye diski ya kompyuta, na rekodi ya asili usiiguse kabisa.

Hatua ya 1. Ingiza faili kwa Ctrl+Shift+I, kisha hifadhi mradi kwa Ctrl+S papo hapo. Umeme ukikatika utajua kwa nini.

Hatua ya 2. Sawazisha sauti sasa, kabla ya kukata. Chagua yote kwa Ctrl+A, tumia Normalize, weka -1 dB. Ukisubiri ukasawazisha nyimbo mojamoja, wimbo wa taratibu utapandishwa ulingane na wa kishindo, na mpangilio wa usiku mzima wa ngoma utapotea. Sauti iliyopasuka kwa sababu simu iliwekwa karibu mno na ngoma haiponi kwa hatua hii.

Hatua ya 3. Cheza rekodi, na kila wimbo unapoanza bonyeza Ctrl+M. Kisanduku cha lebo, yaani alama yenye jina, kitafunguka. Andika namba tu, kisha Enter. Majina utayaandika baadaye. Ukisahau Enter, kitufe cha nafasi ulichodhani kitasimamisha sauti kitaandika nafasi ndani ya lebo. Sikiliza sauti ya kiongozi, si ngoma: yeye ndiye anayetupa mstari mpya, waitikiaji wanafuata. Mahali pengine rahisi ni pale wapigaji wanapopeleka ngoma motoni kukaza ngozi. Hapo mapigo hupungua, mazungumzo huongezeka, na mara nyingi wimbo unaofuata ni mwingine.

Hatua ya 4, na hii ndiyo kazi yenyewe. Mkono huchelewa nyuma ya sikio, kwa hiyo karibu kila alama uliyoweka imepita mahali pake. Vuta karibu kwa Ctrl+1 mpaka uone pigo moja moja. Kata kabla ya pigo, si juu yake: milisekunde 10 hadi 20 kabla ya kilele zinatosha. Ukikata katikati ya pigo, wimbo unaanza kwa “tik”, kwa sababu wimbi linaruka kutoka kimya hadi juu bila kupanda. Bonyeza Z ili kishale kisogee hadi mahali pa karibu ambapo wimbi linavuka sifuri, kisha sogeza lebo hapo.

Mwanzo wa sauti ya mtu usipoonekana kwenye mawimbi, badili mwonekano wa treki uwe spektrogramu. Mapigo ya ngoma huonekana kama mistari iliyosimama wima, sauti ya mwimbaji kama milia iliyolala. Pale milia inapoanza ndipo kiongozi alipofungua kinywa. Mwonekano huu watu wengi hawaugusi, na kwa ngoma za kusini ndio unaookoa muda kuliko yote.

Hatua ya 5. Andika majina. Usitumie mkwaju (/), nukta pacha (:) wala alama ya kuuliza, maana Windows huzikataa kwenye jina la faili. Apostrofi ya “ng'ombe” haina shida. Kisha toa lebo zenyewe kama faili la maandishi na ulihifadhi. Mradi ukiharibika, unaingiza rekodi ya asili na lebo hizo, unaendelea.

Hatua ya 6. Toa nyimbo kwa Ctrl+Shift+E, chagua “Multiple Files”, kata kwa kufuata lebo, na kwenye majina chagua “Numbering before Label/Track Name”.

MASWALI YA WANACHAMA

Masasi: Mwalimu, simu yangu inarekodi m4a na Audacity inagoma kulifungua.

Jibu: Kwenye Windows inahitaji maktaba ya FFmpeg, programu ya bure ya kusoma na kubadili aina za sauti. Isakinishe, funga Audacity, fungua tena.

Newala: Ngoma hazikusimama, lakini kati ya faili na faili nasikia kimya kidogo. Nimekata vibaya?

Jibu: Hapana ndugu, ni MP3. Hupanga sauti kwa fremu, yaani vipande vidogo, vya sampuli 1152 kila kimoja, na inapotengenezwa huongezewa kimya mwanzoni na mwishoni. Toa FLAC (hubana bila kupoteza sauti) au WAV, ucheze kwa programu isiyoweka pengo. Kama unachoma CD, lebo zikae kwenye mipaka ya 1/75 ya sekunde, la sivyo kipande cha mwisho kitajazwa sifuri na utasikia “tik”.

Lindi mjini: Rekodi ya asili imepotea, nina MP3 tu. Nikikata ubora hautashuka?

Jibu: Ukitoa MP3 mpya, utashuka. Kata bila kuibana upya, kwa amri hii ya FFmpeg kwenye dirisha la amri la kompyuta:
ffmpeg -i ngoma.mp3 -ss 00:04:12 -to 00:09:40 -c copy 02.mp3
Mkato utaangukia kwenye mpaka wa fremu, yaani kila milisekunde 26 hivi. Kwa sindimba tofauti hiyo wakati mwingine inasikika, kwa hiyo jaribu kusogeza muda kidogo mbele au nyuma.

Nachingwea: Kwenye redio ya gari nyimbo zinajipanga ovyo, na namba nimeweka.

Jibu: Redio nyingi za bei nafuu hufuata mpangilio wa kunakiliwa, hazisomi namba. Futa flashi, nakili upya moja moja kuanzia 01.

Tandahimba: Rekodi ina nyimbo za unyago katikati. Nifanyeje zisitoke pamoja na nyingine?

Jibu: Usitumie Ctrl+M. Chagua kila wimbo unaoruhusiwa mwanzo hadi mwisho, bonyeza Ctrl+B. Lebo ya eneo namna hii hutoa eneo hilo tu, na kisichowekewa lebo hakitoki. Hakikisha hakuna lebo ya nukta (ile ya Ctrl+M) iliyobaki, maana hiyo hubeba kila kitu hadi lebo inayofuata. Rekodi nzima mrudishie nyakanga au kungwi aliyeruhusu kurekodi. Hiyo si ya kuzungushwa kwenye magrupu ya simu.