Kabla hujapanda basi la kurudi Mbeya ukimaliza mionzi

Wenzangu mlioko Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, sasa hivi mnahesabu siku za mionzi zilizobaki, na nyie ndugu mnaowasubiri huku Mbeya, Tukuyu, Njombe na kwingine, haya yanawahusu. Mi kansa yangu ilikua ya ziwa, nilipata kemo, zile dawa kali za kuua kansa, alafu oparesheni alafu mionzi, na ile siku ya mwisho nilijua ntafurahi sana ila nililia mpaka nesi akashangaa. Yaani wiki zote zile kuna mtu anakuangalia kila siku, wagonjwa wenzako kwenye benchi mshakua ndugu, gafla unaambiwa haya mama nenda nyumbani, tutaonana baada ya miezi 3. Moyo unabaki hewani. Ndo maana nasema jiandae ukiwa bado huko huko.

Kabla hujaaga muulize daktari ni dalili gani ukiziona uwahi hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki, na zipi ni za kawaida, na uandike kwenye daftari kwasababu kichwa baada ya kemo kinasahau mno. Hilo daftari litakusaidia usiku. Hofu ya kansa kurudi itakuja tu, kikohozi kidogo cha baridi ya mwezi wa 7 unawaza imeshahamia kwenye mapafu, mgongo ukiuma unawaza mifupa, unakaa macho mpaka jogoo anawika. Mi niliambiwa maumivu au uvimbe mpya ukipitisha wiki 2 nisikae nao, ila kupumua kwa shida ni kwenda siku hiyo hiyo. Kwahiyo nikisikia kitu naandika tarehe kwenye daftari, alafu nalala.

Lingine piga simu nyumbani mapema, uongee na mtu mmoja anayesikilizwa kwenye familia, mi nilimpigia dada yangu mkubwa. Maana ukishuka tu stendi watu watakwambia hongera umepona, na mvua za mwezi wa 11 zikianza wanategemea ushike jembe kama zamani, wakati uchovu wa mionzi unaweza kukaa miezi, na ukitolewa tezi za kwapani mkono wa upande ule unaweza kuvimba hata miaka mingi baadae, ndoo na kiroba cha viazi ubebe kwa mkono mwingine. Kinachouma zaidi ni kuwaangalia wenzio wanaenda shamba we umebaki jikoni unajiona mzigo. Dada aliwaambia wote kabla sijafika na kwa kweli ilinipunguzia sana.

Jiandae pia na maneno, ya kulogwa, ya kuambukiza, na wale wa mitishamba watakaokwambia acha vidonge vya hospitali. Kama umeandikiwa tamoxifen, vile vidonge vya kuzuia kansa ya ziwa isirudi, ni dawa ya miaka, kawaida 5 au zaidi, usiiache bila daktari.

Kuhusu ndoa, naomba mwenzio aone kidonda mapema, msisubiri giza. Mi nilikaa miezi nabadilisha nguo nimemgeuzia mgongo mzee wangu, na yeye akadhani simtaki. Mliotibiwa shingo ya kizazi kwa mionzi muulizeni nesi wazi wazi kuhusu tendo, ukavu na hedhi kukata, hayo yanatokana na matibabu na kuna njia za kusaidiwa.

Na kama wiki 2 zinapita hulali, huli, huoni sababu ya kuamka, au mawazo ya kujiua yanakuja, hiyo inaweza kua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika, nenda hospitali useme, mawazo ya kujiua hayo usingoje hata siku moja. Maombi mi naendelea nayo na dawa pia naendelea nazo.

Mwisho chukua namba za watu wa benchi lako. Sisi tunapigiana jumapili jioni, mmoja yuko Mafinga mwingine Vwawa, na kliniki ikikaribia tunapanga basi moja tunafika Dar siku moja kabla. Mwenzetu mmoja ameshatangulia, na siku ile nilijifungia ndani nikijua zamu yangu inafuata. Wa Mafinga alinipigia mpaka nikapokea, tukalia wote kwenye simu, alafu akaniuliza umekula?