DR650 ya zamani imepoteza nguvu: tulivyoirudisha, hatua kwa hatua

Pikipiki ililetwa karakana kwetu Ngamiani juu ya Canter, na mwenyewe akashuka na boksi la ekzosi mpya kwapani. Ni Suzuki DR650SE ya 1998. Aliinunua kwa msafiri aliyekuwa akikata Afrika kutoka kaskazini, akachoka alipofika hapa. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini chuma kilibaki, kikakaa chini ya mwembe Sahare, hatua chache kutoka baharini.

"Fundi, nifungie hii ekzosi. Mlima wa Amani boda za 150 zinanipita, nami nina 644 cc."

Nikamwambia, mzee wangu, ekzosi tutaiweka juu ya kabati kwanza. Injini ya aina hii ikiwa nzima ina nguvu za kutosha kukutoa Sigi hadi Amani na mzigo nyuma. Kama boda inakupita, kuna kitu kimekula nguvu zako, na bomba halitakirudisha. Nitaeleza tulivyokitafuta, kwa mpangilio uleule tulioufuata. Kama pikipiki yako si DR bali XT ya Yamaha, KLR ya Kawasaki au XL ya Honda ya zamani, vipimo vitatofautiana ila njia ni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Pima kabla hujashika spana

Chagua kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare, kisicho na watu. Mimi natumia kipande cha njia ya Pangani, alfajiri. Pasha injini moto kwa dakika kumi, weka gia ya nne, tembea kilomita 50 kwa saa, kisha fungua resi yote na uhesabu sekunde mpaka ifike 90. Simu ifungwe kwenye usukani inarekodi dashibodi, usihesabu kichwani huku unaendesha. Rudia mara tatu, kwenda na kurudi, kwa sababu upepo wa kusi peke yake unaweza kukudanganya.

Ya mzee ilichukua sekunde 9 na ushei. Andika namba yako. Bila namba, kila kifaa kipya utakachofunga utasikia "kimesaidia", hasa kama umekilipia pesa nyingi.

Wakati huohuo jaribu klachi: gia ya tano, mwendo mdogo, fungua resi kwa ghafla. DR haina mita ya mizunguko, kwa hiyo tumia sikio. Mlio ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Mara nyingi kosa ni oili ya gari iliyomiminwa kwenye injini ambayo klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Tafuta oili yenye alama ya JASO MA. Kwa joto la pwani, 10W-40 au 20W-50 zote zinafaa.

Hatua ya 2: Inyanyue uzungushe magurudumu

Hii haigharimu kitu na watu wanairuka. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono. Likisimama baada ya mzunguko mmoja, breki inashika. Pikipiki iliyolala karibu na bahari, pini za kalipa (kile kibano cha breki) huota kutu, na pedi haziachii diski. Tulizitoa, tukazisugua kwa msasa laini, tukapaka grisi ya breki (si grisi ya bearing, ile inavimbisha raba). Nyuma, tatizo lilikuwa cheni: viungo vitatu vimekauka na havikunjiki. Cheni hiyo haipakwi oili, inatupwa, pamoja na sproketi zake.

Upepo wa tairi: lami naweka psi 25 mbele na 28 nyuma. Mchanga wa kwenda Ushongo nashusha hadi 18, nikirudi lami najaza.

Hatua ya 3: Je, resi inafunguka yote?

Toa boksi la hewa, mulika tochi ndani ya kabureta kwa nyuma, nyanyua slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani yake) kwa kidole, mwambie kijana azungushe resi hadi mwisho. Kile kisahani cha chuma kinatakiwa kilale sawasawa na njia ya hewa. Cha mzee kiliishia kama robo tatu. Waya wa resi ulikuwa umelegea, na mkono ulikuwa unafika mwisho kabla ya kabureta kufika. Dakika tano za kukaza nati. Nimeona watu wakifungua injini nzima kwa tatizo hili.

Hatua ya 4: Boksi la hewa

Hapa kijana wangu aliruka nyuma. Ndani ya boksi kulikuwa na kiota cha panya, kimesukwa kwa katani safi, nyeupe, kama ya kuuza. Mkoa wetu umeota mkonge, na panya nao wameona faida yake. Kiota kilikuwa kimeziba zaidi ya nusu ya mlango wa hewa, na chujio la sponji lilisagika vidoleni kama keki ya jana.

Weka sponji jipya, lilowekwe kwenye oili ya chujio kisha likamuliwe. Ukiliacha kavu, vumbi la barabara za mashambani litapita na kula ringi. Paka grisi nyembamba ukingoni ambapo chujio linakaa. Halafu kagua raba inayounganisha kabureta na injini, kwani ikizeeka hupasuka. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo kwenye raba hiyo. Mlio ukibadilika, hewa inaingia kwa dirishani badala ya mlangoni, na mchanganyiko wako wa petroli hautakaa sawa hata ufanye nini.

Hatua ya 5: Tapeti

Hapa tunapima nafasi ndogo kati ya valvu na roka, yaani mkono mdogo unaoisukuma. Injini iwe baridi kabisa, ile ya kulala usiku kucha. Toa plagi zote mbili ili izunguke kwa wepesi, fungua vifuniko vya pembeni kushoto na vya juu ya valvu, zungusha injini kinyume cha saa mpaka alama ya T ionekane. Tikisa roka kwa vidole. Zote zikiwa na mchezo, uko sehemu sahihi. Zikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja kamili zaidi.

DR ina valvu nne na tapeti zake ni za skrubu na nati, hazihitaji vipande maalumu vya kuagiza. Za kuingiza hewa ni milimita 0.08 hadi 0.13, za kutolea moshi 0.17 hadi 0.22. Mimi nafanya hivi: kwa za hewa, wembe wa fila geji (kipimo cha nyembe nyembamba za chuma) wa 0.10 upite kwa kukwaruza kidogo, wa 0.15 ukatae. Kwa za moshi, 0.20 upite, 0.25 ukatae. Ukikaza nati, skrubu hupenda kuzunguka nayo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza.

Moja ya valvu za moshi za mzee, hata wembe wa 0.10 haukuingia. Valvu iliyobana namna hiyo haifungi vizuri injini ikipata moto: kompresheni inavuja, na ukiendelea inaungua. Hapa ndipo nilipofurahi kwamba hatukuanza na ekzosi.

Neno kuhusu geji ya kompresheni, yaani kipimo cha mgandamizo ndani ya silinda: injini kubwa za pistoni moja kama hii zina kifaa kinachopunguza kompresheni wakati wa kuwasha, ili stata isihangaike. Geji itasoma chini hata kama ringi ni nzima. Usimuue mteja kwa presha kwa kumwambia injini imekwisha.

Hatua ya 6: Umeme wa plagi

DR650 ina plagi mbili kwa pistoni moja, NGK CR10E. Ubaya wake ni kwamba moja ikifa, pikipiki inaendelea kutembea. Haikatikikatiki sana, inakuwa goigoi tu. Jaribu hivi: zima injini, chomoa kofia ya plagi moja, ichomeke kwenye plagi ya akiba, na plagi hiyo iguse chuma cha injini barabara. Usiache kofia ikining'inia hewani, koili inaweza kuungua. Washa. Kisha fanya upande wa pili. Injini inatakiwa iungurume kwa plagi yoyote kati ya hizo.

Ya mzee kwa plagi ya kulia ilizima papo hapo. Ndani ya kofia kulikuwa na unga wa kijani, kazi ya chumvi ya bahari. Tulikata waya nusu sentimita hadi kwenye shaba inayong'aa, tukafunga kofia mpya.

Hatua ya 7: Kabureta

Nenda taratibu hapa. Kabureta ya DR ni Mikuni BST40, na haifanyi kazi kama ya boda. Kwenye boda, mkono wako ndio unaonyanyua slaidi moja kwa moja. Kwenye hii, mkono unafungua kisahani tu. Slaidi hunyanyuliwa na mvuto wa injini, kupitia raba nyembamba pana kama sahani ya kikombe. Raba hiyo ikitoboka, hata tundu la ncha ya sindano, slaidi hainyanyuki yote. Matokeo yake: pikipiki inaondoka vizuri, ikifika nusu ya resi inagoma kwenda mbele. Ndiyo malalamiko ya mzee, neno kwa neno.

Fungua kifuniko cha juu, toa slaidi na raba yake, inyooshe kwa vidole viwili mbele ya dirisha. Izungushe polepole. Tuliona nyota mbili ndogo za mwanga pembeni, pale inapojikunja. Raba ya namna hiyo usiibandike gundi, petroli itaila. Agiza mpya, na usubiri. Yetu ilichukua wiki tatu kufika.

Ukirudisha, nyanyua slaidi kwa kidole, ziba tundu la hewa lililo mdomoni mwa kabureta, kisha iachie. Ishuke polepole kama inazama kwenye asali. Ikidondoka, kuna mahali panavuja.

Chini, kwenye bakuli la floti, petroli ya zamani ilikuwa imegeuka gamba la kahawia lenye harufu ya vanishi. Jeti ndogo, yaani kipande chenye tundu linalopima petroli, ilikuwa imeziba kabisa. Izibue kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Usitumie waya wa chuma, unapanua tundu na namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo. Mwisho, tenganisha mpira wa petroli, ukinge chupa, uone inavyotiririka. Ikianza kwa nguvu kisha ikadhoofika, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi kwa nguvu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba.

Tulirudi njia ya Pangani. Gia ileile, mtu yuleyule: sekunde 6. Ekzosi bado iko kabatini.

Hatua ya 8: Sasa ongeza

Kwa pesa kidogo, cha kwanza ni sproketi. Ya mbele ilikuwa na meno 15, nyuma 42. Tuliweka 14 mbele. Ukigawa, 42 kwa 15 ni 2.8, na 42 kwa 14 ni 3.0, yaani msukumo kwenye gurudumu umeongezeka kama asilimia 7 katika kila gia. Kona za Sigi sasa anazipanda kwa gia ya pili bila kuvutavuta klachi. Gharama yake ni kelele zaidi ukiwa lami na mwendo wa juu kupungua. Mwenye kwenda Dar kila wiki abaki na 15. Mita ya mwendo haidanganyi, maana inasoma gurudumu la mbele.

Cha pili, hewa na jeti, na hivi vinakwenda pamoja. Tulitoa bomba dogo linalobana mdomo wa boksi la hewa, ndipo nikaifunga ile ekzosi. Sikuifunga kwa ajili ya nguvu, ni kwa sababu ya uzito: ya zamani ilikuwa chuma kizito, nyanyua zote mbili uone. Nikaacha kizuia kelele chake ndani. Hewa ikiongezeka bila petroli, mchanganyiko unakonda na injini inapata moto mno, na hii inapozwa kwa hewa na oili, haina maji ya kukusamehe. Jeti kuu iliyokuwemo iliandikwa 140, nikaweka 150. Nikaweka washa mbili nyembamba chini ya kichwa cha sindano ya slaidi ili inyanyuke kidogo na kupitisha petroli zaidi. Kisha kimbiza kilomita chache resi ikiwa juu, zima injini na ushike klachi papo hapo, simama, toa plagi. Kauri ikiwa nyeupe kama chaki, ongeza jeti. Ikiwa na masizi meusi makavu, punguza. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo tunayoitaka.

Usiweke jeti kubwa mno eti inapanda mlimani. Juu hewa ni nyepesi: kila mita 1,000 unapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, na petroli nyingi inazidisha ubaya. Anayekwenda Lushoto mara kwa mara aseme mapema, nitamwekea jeti ndogo zaidi kuliko ya mtu wa Pangani.

Tulimaliza kwa sekunde 5 na nusu. Yaani sekunde tatu na zaidi zilitoka kwenye usafi na marekebisho, nusu sekunde ikatoka kwenye vitu vya kununua, na hiyo nusu kwa sehemu kubwa ni ya sproketi.

Kilichobaki ni shokapu ya nyuma. Springi yake imelegea, na akipakia mtu pamoja na mabegi, mkia unakaa chini na usukani unakuwa mwepesi kwenye mchanga. Springi ngumu zaidi tumeagiza. Mpaka ifike, nimemkazia iliyopo mizunguko miwili na kumwomba mzee amwache mkewe nyumbani safari za mlimani. La kukaza amelikubali, hilo la pili anasema nikamwambie mama mwenyewe.