Riboni aktivu au pasivu? Pima gaini yako kwanza ndo utoe hela

Dogo mmoja wa Kirumba kanipigia juzi, kajichanga kapata hela ya maiki moja ya riboni (inayonasa sauti kwa kipande chembamba cha alumini), anauliza achukue aktivu, yenye saketi ndani inayotaka umeme, au pasivu, isiyo nayo. Nikamuuliza una intafesi gani, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta. "Kaka, mi nauliza maiki." Haya, tuanze.

Hatua ya 1: Unarekodi nini?
Matarumbeta ya harusi, ngoma, gitaa la umeme kwenye ampu: pasivu. Nanga ya Kihaya, zeze, mtu anaimba kwa kunong'ona: aktivu, au pasivu yenye msaada wa kuongeza nguvu. Tusonge.

Hatua ya 2: Pima gaini
Hapa ndo nililia. Kuna mzee alivuka na meli toka Bukoba na nanga yake, anaidonoa taratibu kwa vidole, mi nimeazima riboni pasivu najiona mjanja. Nikafungua gaini, yaani kiasi intafesi inachokuza sauti ya maiki, mpaka mwisho, kusikiliza: shshshsh, kama mtu anakaanga dagaa chumba cha pili. Nikabadilisha kebo, nikazima friji, nikazima feni, nikahamisha plagi, nikautukana umeme, saa saba usiku mzee keshalala kwenye kochi na viatu. Kumbe kebo nzima, umeme hauna kosa. Intafesi ilikuwa na gaini ya dB (desibeli) 56 tu na hizo za mwisho mwisho zote ni kelele.

Iko hivi: ndani kuna kipande cha alumini, unene wake maikroni 2 mpaka 4 hivi, wakati unywele ni kama 70, kimening'inia katikati ya sumaku. Sauti ikikitikisa kinazaa umeme kiduchu. Pasivu inakupa huo huo kupitia transfoma tu, kwa hiyo ala ya taratibu inataka dB 60 hadi 70 safi. Aktivu ina saketi ndani, inakula fantomu ya volti 48 (umeme ambao intafesi inautuma kwenye maiki kupitia kebo), inakuongezea kama dB 10 hadi 15 na haijali sana impidansi (ukinzani) ya priampu, sehemu ya intafesi inayokuza sauti. Pasivu inajali, ikipewa impidansi ndogo besi inakonda, tafuta ohm 1500 kwenda juu.

Kupima ni bure: azima SM58, ile maiki ya kawaida ya kuimbia, kanisani, maana pasivu nyingi nguvu yake inakaribiana nayo. Weka sm 30 mbele ya ala utakayorekodi kweli, sio mdomo wako, halafu pandisha gaini mpaka mita ya programu ya kurekodi icheze kwenye dB -18. Mpigaji anyamaze, sikiliza kwa hedifoni. Ukisikia dagaa, pasivu peke yake itakutesa. Usipime mvua ikipiga bati, utalaumu maiki bure. Na zipo pasivu dhaifu kuliko SM58, kwa hiyo jiachie akiba kidogo.

Ukikwama kuna busta, visanduku vya kuongeza nguvu vya kuchomeka kati ya maiki na intafesi, mfano Cloudlifter CL-1, inaongeza mpaka dB 25, fantomu inaila yenyewe haiipeleki kwenye maiki. Mi hapo ndo timu yangu, pasivu na busta, mtanisamehe watu wa aktivu. Saketi ikiungua ndani ya maiki, hapa Mwanza unampelekea nani? Busta ikifa unachomoa unaweka nyingine.

Hatua ya 3: Fantomu
Watu wanatishana kwamba fantomu inaua pasivu. Kebo ya XLR (ile ya maiki yenye pini tatu) ikiwa nzima volti zinafika sawa pini 2 na 3, hakuna umeme unaopita kwenye riboni. Kebo uliyochomelea mwenyewe saa nane usiku, mguu mmoja umegusa grandi (waya wa ardhi), hiyo ndo inaua. Zima fantomu, subiri nusu dakika, ndo uchomeke maiki.

Hatua ya 4: Upepo
Aktivu sio imara zaidi, kile kipande ni kile kile. Ule upepo wa ziwa wa alasiri unaobamiza mlango unatosha kukinyoosha. Funga dirisha, ivishe mfuko ukiibeba, ihifadhi ikiwa imesimama wima. Na anayepima maiki kwa kupuliza "fuu fuu" asiingie studio kabisa.

Dogo tulimpimia jumamosi. Anarekodi matarumbeta tu, SM58 ikatoka safi gaini ikiwa nusu, kachukua pasivu bila hata busta. Sasa anatafuta kioo, dirisha lake lililovunjika linatazama ziwani.