Somo: Kosa 94, lakini mstari gani?

Mteja wangu yuko ng'ambo ya Likoni, afisi ndogo ya mawakala wa forodha. Saa nne asubuhi ananirushia picha kwa WhatsApp: kosa 94, yaani Null (thamani tupu) imewekwa pasipoikubali. Basi. Na prosija yenyewe (kipande cha programu chenye jina lake) ni ndefu kama foleni ya feri. Zamani nilikuwa nikivuka na laptopu begani kwenda kusaka mstari mmoja.

Hapa natumia Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na VBA, lugha ya kuiandikia programu.

Hatua ya kwanza: mistari inayofanya kazi ipe nambari mwanzoni. Ya pili: mwishoni mwa prosija weka sehemu ya kunasa makosa, isome Erl. Hii hurudisha nambari ya mwisho iliyopitiwa kosa lilipotokea. Usipoweka nambari, utapata 0.

```
Private Sub btnHesabu_Click()
    Dim kutoka As Date, siku As Long
    On Error GoTo Kosa
10  kutoka = Me!TareheKutoka
20  siku = kutoka - Me!TareheKufika
30  Me!Ada = siku * Me!Bei
    Exit Sub
Kosa:
    MsgBox "btnHesabu, mstari " & Erl & _
      ": " & Err.Number & " " & Err.Description
End Sub
```

Ijaribu. Acha tarehe ya kontena kutoka bandarini ikiwa tupu: mstari 10. Ijaze, kisha futa ya kufika: mstari 20. Kosa ni 94 lile lile, ila dawa si moja.

Kila prosija iwe na mtego wake. Isipokuwa nao, kosa hupanda hadi kwa prosija iliyoiita, nawe utaanza kumshuku asiyehusika.

Ukitaka kuyahifadhi makosa kwenye jedwali, chukua kwanza Erl na Err.Number uviweke kwenye vigeu. Amri mpya ya On Error hufuta yaliyomo ndani ya Err. Mimi niliwahi kujaza jedwali zima sufuri, wiki nzima, nikijiona fundi.

Maswali yenu, kila moja na mtaa wa muulizaji

*Kisauni:* Maalim, nimefuta Bei makusudi, mbona mstari 30 haukulia?

Umenishika, ndugu yangu. Kisanduku cha Ada kinapokea Null bila kelele, kwa hiyo kinabaki kitupu tu. Na usikimbilie Nz(Me!Bei, 0), inayogeuza Null kuwa 0, maana utamtoza mteja sufuri. Kagua kwa IsNull, umwambie karani ajaze bei.

*Changamwe:* Kwa nini kumi kumi?

Upate pa kuchomeka 15 kesho. Usivuke 65535 tu, Erl itaanza kukudanganya.

*Tudor:* Kwenye mashine yangu nabonyeza Debug naona mstari. Haya yote ya nini?

Kwako hayana haja, dada. Lakini mteja ukimpa faili ya ACCDE, ile iliyofungiwa msimbo, Debug haipo. Na akitumia Access Runtime, ile ya kuendesha programu tu bila kuitengeneza, kosa lisilonaswa linafunga programu nzima mbele ya wateja wake.