Somo: Ukitoneshwa Donda la Utotoni, na Lengo Gani Ujiwekee Baada ya Hapo

Wanachama, habari zenu. Somo hili mmeliomba tangu Januari, nami nikalivuta makusudi. Januari kila mtu ana orodha yake ya malengo, na hakuna anayetaka kuambiwa kwamba baadhi ya malengo hayo si yake hata kidogo. Sasa orodha zimeshaanza kukwama, kwa hiyo tunaweza kuzungumza.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni, ingawa wapo watakaojiona humo. Kijana anaishi kwenye ploti moja pale Umoja, Nairobi. Ana kazi, na kodi ya nyumba huilipa tarehe tano bila kusukumwa. Mwezi huu mshahara umechelewa. Tarehe nane asubuhi anashuka ngazi na kukuta keateka, yaani mwangalizi wa ploti, amebandika karatasi kwenye geti yenye namba za nyumba ambazo hazijalipa. Yake ni ya tatu kutoka juu, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Masikio yanamshika moto. Anaing'oa karatasi na kumfokea keateka, mzee wa rika la baba yake, wapangaji wakichungulia kutoka ngazini. Kazini hapokei simu siku nzima. Jioni anazurura Mutindwa mpaka saa tatu ili apite getini kukiwa na giza.

Deni lenyewe ni la siku tatu. Ila aliyemfokea keateka ni mvulana wa kidato cha pili: gwaride la Jumatatu, mwalimu wa zamu anasoma majina ya wenye deni la karo, na yeye anatoka kwenye mstari kwenda kuchukua begi huku shule nzima ikimtazama mgongo.

Hicho ndicho kichochezi. Jambo la leo limetonesha donda la zamani, na mwili hauulizi ni mwaka gani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala inayopiga kengele ya hatari haraka sana, kabla sehemu ya mbele, ile ya kupima mambo, haijamaliza kuisoma karatasi. Ndiyo maana mtu akikuambia "tulia" wakati huo unazidi kuwaka.

Hatua ya kwanza: daftari

Kwa wiki mbili usibadilishe chochote. Andika tu. Andika kama polisi anavyoandika OB, kile kitabu cha matukio kituoni: saa ngapi, wapi, nani alisema nini, mwili ulifanya nini, nawe ukafanya nini. Basi.

"Bosi hanipendi" haisaidii kitu. "Jumanne saa mbili asubuhi, ndani ya matatu. Bosi kaandika: Ukifika pitia kwangu. Tumbo limekata. Nimeandika jibu na kulifuta, nimeandika tena, mwisho nimejibu 'sawa' na kushuka kituo kimoja kabla." Hiyo inasaidia. Sababu usiziandike kwa sasa. Ukianza na sababu utajitetea, na daftari litageuka kuwa barua ya malalamiko.

Hatua ya pili: dalili ya kwanza ya mwili

Baada ya wiki mbili pitia daftari ukitafuta kinachotangulia kila mara. Kwa mwingine ni taya kukaza, kwa mwingine ni tumbo, mikono, au koo kukauka. Kwa kijana wetu ni masikio. Ukiijua dalili yako, una kitu cha kushika kabla mdomo haujafunguka.

Hatua ya tatu: "Hapa nina miaka mingapi?"

Jiulize hivyo kwa kila tukio. Mara nyingi jibu huja lenyewe, tena haraka: saba, kumi, kumi na tano.

Lakini tusizidishe. Si kila hasira ina asili ya utotoni. Mvua ikinyesha na makanga akapandisha nauli kutoka hamsini hadi mia na hamsini, ukakasirika, hiyo ni hasira ya haki na huna haja ya kumtafuta nyanya yako ndani yake. Njaa na kukosa usingizi pia hufanana sana na kichochezi. Mimi huangalia mambo matatu: je, kuwaka kwako kumezidi jambo lenyewe? Je, linajirudia na watu tofauti? Na je, ulijihisi mdogo? Yakikutana yote matatu, hapo pana donda.

Na kizazi chetu tusijidanganye. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 29 ikakataza adhabu ya viboko, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo pamoja na kumsumbua mwanafunzi kiakili. Kwa hiyo aliyekuwa darasa la nne mwaka 1995 alichapwa kukiwa hakuna katazo, na nyumbani akaongezwa. Wapo watakaosema "na tukawa watu." Sawa, tukawa watu. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 9,000, na wakaona kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso ya aina nyingi zaidi utotoni, ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa zaidi ya ulevi, sonona na hata maradhi ya moyo ukubwani. Haimaanishi kila aliyechapwa ataugua. Inamaanisha kwamba kusema "yalishapita" hakuyafanyi yapite.

Hatua ya nne: mpango wa "nikiona… basi"

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo msiniharakishe.

Dalili ikija, fanya mambo mawili madogo. Kwanza, itaje hisia kwa jina lake, kimoyomoyo: "hii ni aibu." Usiseme "nina hasira" kama kilichoko chini ni aibu. Utafiti wa Matthew Lieberman na wenzake wa 2007 ulionyesha kwamba mtu akiipa hisia jina, shughuli ya ile amigdala hupungua. Pili, toa pumzi polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, mara kadhaa. Moyo hupunguza mbio unapotoa pumzi, ndiyo sababu tunasisitiza kutoa kuliko kuvuta.

Halafu mikono na miguu inahitaji kazi iliyopangwa tangu jana. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba mtu anayeamua mapema "likitokea hili, nitafanya lile" hutimiza nia yake kuliko anayesema tu "nitajitahidi." Kwa kijana wetu: "Nikiona jina au namba yangu kwenye orodha yoyote, basi naweka mikono mfukoni, napita geti, nafika kituoni ndipo namwandikia keateka." Angalia kwamba hakuna upole wala busara ndani ya mpango huo. Kuna mifuko, geti na kituo. Saa ya moto hutakumbuka busara, lakini mfuko utaukumbuka.

Andika mpango mmoja tu, wa kichochezi kimoja kinachojitokeza zaidi daftarini.

Hatua ya tano: lengo

Mliambiwa lengo liwe na kipimo na muda. Ni kweli. Mimi naongeza swali la kwanza: likitimia, ni nani unayetaka apige makofi?

Wengi wetu tulilelewa kwa swali la "umekuwa namba ngapi?" Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulianza 1985 na ukafanywa mara ya mwisho 2023, na katikati hapo kuna watu wazima wengi ambao bado wanapeleka ripoti fomu nyumbani. "Mwaka huu ninunue gari" inaweza kuwa lengo zuri. Lakini ukiligeuza ukakuta uso wa mjomba aliyesema hutafika popote, hilo si lengo, ni kichochezi kilichovaa suti. Na ukilitimiza, mjomba atauliza mbona si jipya.

Lengo la kazi yetu litoke daftarini na liwe tendo linaloonekana. "Nisiwe mtu wa hasira" huwezi kulipima. Kijana wetu angeandika hivi: "Kwa miezi mitatu, nikijua kodi itachelewa, namwandikia keateka kabla ya tarehe tano nikimtajia siku nitakayolipa." Humo ametangulia yeye kusema, kabla ya orodha kusomwa, jambo ambalo mvulana wa kidato cha pili hakuwa na uwezo wa kulifanya.

Hatua ya sita: ukiteleza

Utateleza. Rudi siku hiyohiyo kwa uliyemuumiza. "Mzee, asubuhi nilikukosea heshima mbele ya watu. Naomba radhi." Usiongeze "lakini na wewe." Kisha liandike daftarini kama tukio jingine lolote.

Tahadhari kabla ya maswali. Kama uliyopitia ni ubakaji, kipigo cha kuumiza vibaya, au unapata majinamizi na mawazo ya kujiua, usifanye somo hili peke yako. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupigwa bure. Hospitali ya Mathari ipo Thika Road, na haihudumii "wendawazimu" tu kama watu wanavyodhani. Ukienda kwa mshauri wa kulipa, muulize usajili wake, kwa sababu Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu 2014. Anayekasirikia swali hilo, mwache.

MASWALI

*Mwalimu, mtoto wangu wa miaka minne akilia mwili wote unachemka. Mimi nilikuwa naambiwa "nyamaza au nikupe sababu ya kulia." Juzi nimejisikia nikimwambia maneno yaleyale. Tunaishi chumba kimoja Githurai, mahali pa kujitenga hakuna.*

Mama, umeyasikia yakitoka, na hiyo ni hatua ya pili tayari. Kwa chumba kimoja usipange kutoka. Korido ina majirani, na mtoto akiachwa ndani atalia zaidi. Panga kushuka. Jaribu hivi: "Akianza kulia, nazima jiko, nakaa sakafuni mgongo ukiwa ukutani, mikono juu ya magoti." Jiko lizimwe kweli, maana sufuria ya ugali inayoungua inaongeza kengele nyingine. Ukikaa chini, yeye ndiye anakuwa juu yako, na mkono hauwezi kuinuka kirahisi. Huhitaji kusema lolote la maana, "nimekuona" inatosha. Kilio kitaendelea kidogo, acha kiendelee. Lengo lako kwa mwezi liwe kukaa sakafuni, lisiwe mtoto kunyamaza, kwa sababu kunyamaza ni kwake yeye. Na siku ukihisi utampiga na huwezi kujizuia, 116 ni namba ya bure ya masuala ya watoto, na hata mzazi anaipiga.

*Mzee wangu bado yu hai. Nimwambie aliyonifanyia?*

Kaka, unataka nini kwake? Ukitaka aombe radhi, elewa kwamba wazee wengi watakujibu "nilikulea." Usifunge maendeleo yako kwenye jibu la mtu mwingine. Panga kwanza lililo mikononi mwako: Desemba ukiwa nyumbani akianza kukulinganisha na binamu yako mezani, utafanya nini? "Nachukua mtungi naenda kuteka maji" ni mpango mzuri kabisa, tena una adabu. Baada ya hapo, ukiona bado unahitaji kusema, tafuta ndugu yake anayemheshimu akae nanyi. Wengine wamesema na ikawa heri. Wengine hawakusema na wako sawa.

*Kanisani tunafundishwa kusamehe na kusahau. Hili daftari si kufukua makaburi?*

Dada, samehe. Unaweza kuwa umemsamehe mtu kwa moyo wote na bado masikio yakashika moto ukiona karatasi getini. Daftari linashughulika na masikio.

*Nilisikia tabia mpya huchukua siku 21. Mbona umesema miezi mitatu?*

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, matokeo yakachapishwa 2010. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilianzia 18 hadi 254. Na hizo zilikuwa tabia kama kunywa maji au kutembea kidogo. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Miezi mitatu inakupa nafasi.

*Bosi wangu anatukana kila mtu ofisini. Nikimaliza hatua zote sita nitaacha kuumia?*

Hapana, na usijaribu. Anayetukanwa leo anaumizwa leo. Tumia daftari, lakini kwa kuweka tarehe na maneno yaliyotumika, upeleke kwa anayehusika na wafanyakazi. Lengo lako la mwaka huenda likawa kazi nyingine.

*Naishi na mume wangu, na huwa anapekua vitu vyangu. Daftari niliweke wapi?*

Andika kwa herufi za kwanza na umri tu. "J4, saa 2, B. Tumbo. 9." Akilisoma ataona hesabu za chama.